Uduvi wa Mama Emelyne na Maji ya Kisimani

"Mama Emelyne, hao wadudu wako siku wakifa, utaweka msiba?"

Swali hilo aliulizwa na jirani yake Josephina, mwaka ule matangi mawili ya kioo yalipowekwa kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake, huku mtaa wa Kawajense. Spès, ndilo jina lake la ubatizo, alicheka tu. Alikwisha kuzoea. Watu walikuja, wakainama kwenye kioo, wakawatazama uduvi wekundu wasiozidi kiungo cha kidole, kisha wakauliza kama wanaliwa. Wakiambiwa hapana, ni wa kutazama tu, walimtazama yeye.

Aliyemletea ni kaka yake Salvator, anayefanya kazi na wauza samaki wa mapambo kule Kigoma. Walikuwa ishirini, kwenye mfuko wa maji uliojazwa hewa. Nusu walikufa wiki ya kwanza kwa maji ya bomba, maana yana dawa. Maji ya mvua nayo yalikuwa mepesi mno, magamba yao hayakushika. Yaliyowafaa ni ya kisima kile cha mtaani, tena yakilazwa siku mbili kwenye ndoo yenye mfuniko. Kila ndoo Spès aliiandika kwa chaki siku aliyochota. Mkono wenye sabuni hauingii tangini. Chakula ni jani la mchicha lililochemshwa, na kipande cha ganda la yai kikae chini. Kwa utaratibu huo waliongezeka, wakajaa matangi yote mawili.

Alichokipenda zaidi ni mama zao. Jike hubeba mayai chini ya mkia karibu mwezi mzima, huku akiyapepea kwa vijiguu vyake mchana na usiku bila kuchoka. Asubuhi, baada ya sala, Spès alikuwa anasimama pale na kikombe chake cha chai akiwaangalia, na moyo wake unatulia.

Jumatano moja ya mwezi wa tano, mvua zimekwisha na mahindi yamekauka shambani, alibadilisha maji ya tangi la mlangoni. Alitumia ndoo iliyoandikwa Jumatatu. Kabla ya saa sita uduvi walikuwa wanakimbia huku na huku kama wanaotafuta mlango. Kisha wakaanza kulala chali, mmoja mmoja. Majike waliangusha mayai kabla ya kufa. Mayai yalibaki juu ya mchanga, hayana wa kuyapepea.

Spès alichukua vile vijikaratasi vya kupimia alivyoachiwa na Salvator, akavichovya. Rangi zilikuwa zilezile za siku zote. Hapo ndipo hofu ilipomwingia. Kwa kila alichojua kupima, maji yalikuwa mazuri.

Alhamisi asubuhi alitafuta chupa mbili za jamu. Moja akaitia maji ya ndoo ya Ijumaa, iliyobaki nyuma ya mlango. Nyingine akaitia ya Jumatatu. Kutoka tangi la pili lililo salama akatoa uduvi watatu kwa kila chupa, akaketi na rozari yake. Alipofika fumbo la nne, wa Jumatatu walikuwa chali. Wa Ijumaa walikuwa wanakwangua kioo, wanatafuta chakula.

Basi ni nini kilichoingia kisimani kati ya Ijumaa na Jumatatu?

Alikwenda kuangalia. Kisimani palikuwa kimya. Vyura wanaorukaruka siku zote pembeni ya zege hawakuwapo, isipokuwa mmoja kwenye tope, miguu imenyooka. Zege lilikuwa limepasuka kwa mvua za mwaka huu, na kwenye ule ufa kulikuwa na utando mweupe.

Hapo akakumbuka. Ilikuwa Jumamosi iliyopita, siku ya kufua viroba. Kila mwaka kabla ya kuvuna, kina mama wa mtaa hukutana pale kisimani kufua viroba vya mwaka uliopita, na viroba hivyo vina unga wa dawa ya kuua wadudu wa mahindi kwenye pindo. Huimba, hupiga soga, hukung'uta. Miaka yote maji machafu yalikuwa yanatiririka kwenda bondeni. Mwaka huu yalipata njia ya kurudi. Na yeye Spès alikuwapo, tena ndiye aliyeanzisha wimbo. Viroba vyake alivikung'uta palepale penye ufa.

Josephina akatokea na ndoo yake kichwani.

"Mama Alois, usichote," Spès alimwambia. "Maji yana dawa ya viroba. Uduvi wangu wamekufa."

"Si nilikuuliza kama utaweka msiba? Niambie basi nilete kuni."

"Sitanii, dada."

"Na mimi nimeyanywa wiki nzima, si huyu nimesimama? Wale ni wadudu, na dawa ni ya wadudu." Josephina akashusha kamba ya kuchotea. "Niache, nina mgonjwa. Lidia kalala toka jana, anasema tumbo linamvuta. Nampa maji mengi, apoe."

Lidia ni mke wa Alois, mwana wa Josephina. Mimba yake ilikuwa ya miezi minane.

Spès alitazama ndoo ikipanda, maji yake meupe safi, na mawazoni akayaona tena mayai yale juu ya mchanga.

Jumuiya yao ya kanisa husali Alhamisi saa kumi, na siku hiyo ilikuwa zamu ya nyumba ya Josephina. Spès alifika na chupa zake mbili, akaziweka mezani kando ya msalaba. Baadhi walicheka. Chumba cha pili, nyuma ya pazia, Lidia alikuwa anaguna polepole. Waliposoma Injili wakafika kwenye nia za maombi, kila mmoja akatoa yake: mvua, safari, mtoto anayefanya mtihani. Zamu ya Spès ilipofika alisimama.

"Ninaomba Mungu anisamehe, maana na mimi nilifua pale. Ninaomba kisima kifunikwe leo, mpaka watu wa afya waje wapime. Na Lidia, ninaomba apelekwe hospitali sasa hivi, kabla hatujamaliza sala."