Nafasi Sita za Binti wa Fundi Vioo

Fundi vioo hakuwa mtu wa kukaa. Hata chai aliinywa wima, akiizunguka meza ya kukatia, na jirani yake fundi viatu alizoea kusema kwamba huyu bwana akifa itabidi azikwe amesimama. Lakini Jumamosi ile alizidi. Tangu asubuhi alikuwa amepima dirisha moja mara nne na bado hajakata kioo chake.

Kilichomkosesha raha ni kipande cha boksi kilichoegemezwa ukutani. Hapo aliandika majina ya vyuo sita, na kando ya kila jina, alama ambazo chuo kilidai mwaka uliopita. Fomu ya maombi ilikuwa na nafasi sita, na ingefungwa saa kumi jioni siku hiyo hiyo. Kwa wiki tatu alikuwa amewahoji walimu, wateja, hata mlinzi wa benki ambaye mwanawe alikuwa chuoni.

Binti yake, ambaye nyumbani walimwita Wakili kwa kuwa hakuwahi kuishiwa neno, aliingia karakana, akalisoma boksi juu mpaka chini.

"Baba, mimi nimepata sabini na moja."

"Najua, mama."

"Cha juu kabisa hapa kinataka sitini na sita. Vyote viko chini yangu. Huu ni mpango au mtego wa panya?"

"Mpango. Ukiomba hivi, hukosi."

"Na usanifu wa majengo uko wapi?"

"Walitaka sabini na tano."

"Mwaka jana. Mwaka juzi walichukua hata wa sabini."

Fundi akagonga fremu kwa kidole. "Tazama. Fremu ikiwa sentimita sitini, kioo nakipunguza milimita tatu. Ukikikata sawasawa na fremu, jua likiwaka kinatanuka, kinapasuka. Lazima upunguze kidogo."

"Kwa hiyo mimi unanipunguza."

Hakupandisha sauti. Fundi akaenda mlangoni, akarudi. Maisha yake yote ya kazi alikuwa amepunguza kila kitu milimita tatu, wala haikumpitikia kwamba mkono ungezoea mpaka umkate na mtu. Akageukia dirisha, akasema mambo ambayo hakuwahi kumwambia: kwamba alipokuwa na umri kama wa binti alijaza chuo kimoja tu, cha uhandisi, kifua mbele; kwamba alikikosa; kwamba mwezi ule ule alianza kubeba vioo kwa mjomba wake, kwa muda tu. Muda huo sasa ulikuwa miaka ishirini na minane.

Wakili akamgeukia.

"Fomu nzima, baba? Kimoja tu?"

"Kimoja."

"Kumbe ukaidi nimerithi kwako, na mama anamsingizia shangazi!"

Fundi akacheka bila kutaka. Kisha wakaanza kuvutana. Baba alimwachia nafasi moja ya juu, achague atakacho. Binti akadai tatu. Wakapatana mbili, na kwamba mbili za mwisho ni za baba, hazijadiliwi. Zile za katikati waligombania mpaka saa tisa, fundi viatu akipaza sauti toka upande wa pili, "Mkimaliza mniombee na mimi!"

Kwenye duka la kompyuta binti alijaza, baba akasimama nyuma ya kiti akipumua kwa nguvu hadi wateja wakageuka. Usanifu wa majengo ukakaa juu.

"Ikishatumwa, inarekebishika?" fundi alimuuliza mwenye duka.

"Ikienda imeenda, mzee."

Fundi akatoka nje. Akatembea hadi kona na kurudi, mara mbili. Vipi angemkatalia binti? Vipi amemkubalia? Akaingia ameamua: usanifu ushuke uwe wa tatu, kwa usalama.

"Mama, hebu kwanza—"

"Nimeshatuma."

"Lini?"

"Ulipofika mlangoni. Nilijua utarudi na lingine."

Fundi akatazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika ishirini na mbili ambazo hakuwa na la kufanya nazo.

"Zangu mbili umeziweka?"

"Nimeziweka, baba. Ya tano na ya sita, kama tulivyosema."

"Majibu lini?"

"Wiki saba."

"Saba!" Akashika kichwa. Binti akamsogezea kiti, akakipigapiga kwa kiganja. Fundi alikaa kidogo, akasimama tena.