Profesa wa Kidato cha Pili

Mtaa mzima ulimwita binti yule Profesa kabla hajatia mguu chuoni. Jina lilianzia kwa fundi baiskeli, mwenye kibanda chake mkabala na duka la ushonaji la shangazi wa binti, siku matokeo ya sekondari yalipotoka na binti akaongoza shule yake kwa hesabu na fizikia. Shangazi hakulikataa. Alimlea binti huyo tangu wa kubebwa mgongoni, hakuwa na mwingine, na miaka yote alikuwa akishona sare za watoto wa watu huku akingoja siku yake ya kusema. Siku ilipofika, akasema. Aliyeleta suruali ya kupunguzwa aliambiwa. Aliyeleta zipu ya kubadilishwa aliambiwa mara mbili.

Jambo ambalo shangazi hakulijua, wala binti mwenyewe, ni namna hesabu zile zilivyoingia kichwani. Shule yake haikuwa na mwalimu wa hesabu wala wa fizikia. Aliyefundisha yote mawili alihama, chaki akakabidhiwa mwalimu wa historia, mtu mwema asiyetaka kuona watoto wanakaa bure. Akachukua mitihani ya nyuma iliyokwisha kujibiwa, akawa anainakili ubaoni mstari kwa mstari.

"Shikeni hivi hivi," aliwaambia. "Msiniulize, maana na mimi sijui."

Wakashika. Binti alikuwa na kichwa kinachonasa kila kitu. Alikariri swali na jibu lake kama mtu anavyokariri wimbo, na mtihani ulipoleta maswali yaliyofanana na yale, akaimba wote.

Chuoni mambo yakawa mengine. Ukumbi ulikuwa wa kupanda, viti juu ya viti, na mhadhiri kule chini akiandika kwa mkono mmoja na kufuta kwa mwingine. Kila baada ya mistari michache alisema, "Hili mnalijua tangu sekondari." Wenzake walitikisa vichwa kukubali. Binti naye akatikisa. Kule kutikisa kichwa ndiko kulikommaliza. Angenyoosha mkono siku ya kwanza, aibu ingekuwa ndogo. Lakini alitoka kwenye nyumba ambayo mtu haonyeshi kwamba kashindwa, basi akanakili yote, akarudi bwenini akakariri.

Wajuaji husema mtoto kaanguka kwa sababu hakusoma. Huyu alisoma mpaka macho yakavimba.

Baada ya jaribio la kwanza mhadhiri alimwita ofisini. Kilikuwa chumba chembamba, karatasi zimejaa mpaka kwenye kiti cha wageni. Mhadhiri akaziondoa ili binti apate kukaa.

"Jibu hili umelitoa wapi?"

"Kichwani, mwalimu. Sikuibia."

"Najua hukuibia. Ni jibu zuri sana, hata nukta haikukosewa. Ila ni jibu la swali ambalo sikuuliza."

Binti akatazama karatasi yake. Mhadhiri akasogeza kalamu mbele yake.

"Nigawie moja kwa nusu."

"Mbili."

"Umegawa, halafu kitu kimeongezeka. Kwa nini?"

"Unageuza ile ya chini, unazidisha."

"Kwa nini unageuza?"

"Ndiyo sheria."

"Nani kaitunga?"

Binti akageuza karatasi, kana kwamba jina limeandikwa nyuma. Mhadhiri hakucheka, na ingekuwa afadhali angecheka. Alisema kwa sauti ya chini, kama daktari anayemweleza mgonjwa, "Mimi hapa nafundisha ghorofa ya tatu. Wewe umeingilia dirishani. Ngazi iko sekondari, na sina muda wa kukurudisha huko."

Mwaka ulipoisha alikuwa ameanguka hesabu na fizikia. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: likizo ndefu ikikaribia kuisha kuna mtihani wa marudio. Anayefaulu masomo yote mawili anaendelea. Anayefaulu moja anarudia mwaka. Anayeanguka yote anafungasha mizigo yake asirudi tena.

Akarudi nyumbani na begi lake. Shule za sekondari zilikuwa zimefunguliwa. Mwisho wa mtaa kulikuwa na shule, si ile aliyosoma yeye, na ndani yake mwalimu wa hesabu, mwanamke mfupi mwenye sauti iliyokwaruzwa na miaka ya kupiga kelele. Binti alimkuta akifuta ubao.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umekuja kuomba kufundisha?"

"Nimekuja kuomba kukaa darasani."

"Darasa gani?"

"Kidato cha pili."

Mwalimu akamkagua kuanzia kichwani mpaka viatuni. "Kaa nyuma. Ukisinzia nakutoa nje kama wenzako."

Kumwambia shangazi ndiyo ilikuwa kazi. Alikuwa akipiga pasi kola za mashati meupe, na hakuinua uso.

"Sare za darasa hilo nimeshona mimi," alisema. "Watoto wale nimewapima viuno kwa mikono yangu. Leo uende ukakae nao benchi moja?"

"Ndiyo, shangazi."

"Somea humu ndani. Mlango nitaufunga, hakuna atakayekuona."

"Humu ndani hakuna wa kuniuliza kwa nini."

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini chochote."

"Nimekuuliza sasa hivi, na hujanijibu," alisema shangazi, akarudi kwenye kola zake. 

Asubuhi fundi baiskeli alimwona akivuka barabara.

"Profesa, umepotea? Chuo kiko upande ule."

"Sijapotea, kaka."

"Ahaa. Unakwenda kuwakagua walimu."

"Nakwenda kufundishwa."

Fundi akabaki na pampu mkononi. Kabla jua halijawa kali, habari ilikuwa imezunguka mtaa na kurudi kwa shangazi ikiwa imeongezewa mkia.

Anayesema kukaa nyuma ya watoto si kitu, na akakae. Magoti ya binti yaligonga dawati. Aliyekaa naye alikuwa msichana mwenye pengo, asiyejua kunong'ona.

"Dada, ni kweli ulifukuzwa?"

"Bado."

"Mbona unajua majibu yote halafu mwalimu anakukosoa?"

Ilikuwa kweli. Jibu lilimtoka mdomoni kabla swali halijaisha, na mwalimu alisema, "Jibu tumelisikia. Njoo utueleze." Akifika ubaoni alisimama kama nguzo. Watoto walicheka, na mwalimu hakuwakataza.

Siku ya kurudia hesabu za sehemu mwalimu aliuliza, "Nina mkate mmoja. Kila mtu nampa nusu. Wanakula wangapi?"

"Wawili," likaitika darasa.

"Basi nimegawa moja kwa nusu nikapata mbili. Anayeona ajabu anyooshe mkono."

Hakunyoosha mtu. Binti alikaa pale nyuma na hasira yake. Miaka yote ile, na ilikuwa mkate tu.

Mtu asidhani kuanzia hapo mambo yalifunguka. Zilikuwepo siku alizotoka na kichwa kizito kuliko alivyoingia. Kilichomsumbua zaidi kilikuwa zile nyimbo za zamani: zilijileta zenyewe, zikamziba masikio, na ilimbidi azikatae moja moja ndipo asikie anachoambiwa. Mchana, wadogo wakiisha kuondoka, mwalimu yule yule alimpa fizikia kutoka vitabu vya kidato cha juu. Lakini hesabu ilikuwa imekula muda. Siku ya mtihani ilifika fizikia ikiwa nusu njia.

Kwenye mtihani wa hesabu alikuta swali ambalo hakuwahi kuliona. Wimbo ukaja, mzuri, umekamilika, nukta zake zote. Akauacha upite. Akaanza na kile kidogo alichokuwa na hakika nacho, akasogea polepole kama mtu anayevuka mto kwa kupapasa mawe. Mengine hakuyagusa, muda ulimtupa mkono. Fizikia alijibu yote, akatoka.

Matokeo yalipobandikwa aliyasoma mpaka walioko nyuma yake wakamwomba apishe. Akapanda basi akaenda nyumbani.

Shangazi alikuwa akitia vifungo. "Haya, sema."

"Hesabu nimepita, kwa kusuasua. Fizikia nimeanguka. Narudia mwaka."

"Kwa hiyo umefeli."

"Nimefeli, shangazi. Walituchorea sanduku kwenye mteremko, limetulia, haliendi popote. Nilisahau msuguano. Sanduku langu likateleza mpaka chini. Kosa nimekuja kuliona natoka mlangoni."

"Kuona ukiwa umeshatoka kunasaidia nini?"

"Ule mtihani wa kwanza nilitoka nikidhani nimepata yote."

Shangazi akakata uzi kwa meno. Akatia kifungo kingine, akakivuta kuona kama kimeshika. Uso wake haukulegea, na hakusema pole. Hakuwa mtu wa pole.

Mlangoni akatokea fundi baiskeli, overoli imekunjwa kwapani.

"Profesa, karibu. Vipi, tumeshamaliza huko?"

Binti akafungua mdomo. Shangazi akamtangulia.

"Kaanguka fizikia. Anarudia mwaka. Na kesho asubuhi anakwenda pale shuleni kukaa na watoto mpaka chuo kifunguliwe, utamwona akipita. Hiyo overoli umeleta itiwe kiraka au umeleta maneno?"

Fundi akamtazama binti, akamtazama shangazi.

"Kiraka, mama."

"Lete."