Mikono ya Dobi

Mwanzoni Askofu alidhani ni macho. Akaenda kwa daktari, akapimwa, akapewa miwani mipya, na Jumapili iliyofuata akaiona ile mikono vizuri zaidi. Miwani nayo ina utani wake.

Ilikuwa ikija wakati wa Ushirika Mtakatifu. Waumini wamepiga magoti kwenye ukingo wa madhabahu, yeye anapita na sahani ya mkate, na baada ya mtu wa mwisho kabisa inatokea mikono miwili iliyokingwa: kucha nyeupe kwa sabuni, ngozi imepasukapasuka, kidole gumba kina kovu la pasi. Mikono ya dobi. Mikono ya marehemu mama yake.

Mama alikuwa mke wa pili, na kanuni ya kanisa lao la Kianglikana ilikuwa wazi: mke wa pili hasogei kwenye Meza ya Bwana. Akae benchi la nyuma, karibu na mlango, aimbe, atoe sadaka, basi. Vitambaa vya meza hiyohiyo aliruhusiwa kuvifua, na alivifua miaka nenda miaka rudi. Ni kwa udobi huo alimsomesha mwanawe hadi chuo cha uchungaji.

Siku kijana alipoongoza Ushirika wake wa kwanza, mama aliinuka kwenye benchi lake la mlangoni, akaja mbele, akapiga magoti mwishoni, akakinga mikono. Nadhani alijiambia, mwanangu wa kumzaa hatanipita. Mwanawe wa kumzaa akampita, kanisa zima likiona. Wazee wa kanisa walifurahi kweli, kijana hana upendeleo, na tangu siku hiyo wakambandika jina la Msumeno, maana sheria hukata mbele na nyuma. Mama alirudi nyuma taratibu. Jioni alimpakulia mwanawe chakula kama kawaida, hakusema neno. Heri angesema. Mwaka uliofuata alifariki.

Msumeno alipanda. Akawa kanoni, akawa shemasi mkuu, mwisho akavishwa pete ya uaskofu. Alijenga shule, akafungua zahanati, akapatanisha wachungaji waliokuwa hawasalimiani. Tusimwonee, alikuwa mtu mwema. Lakini kila mara sinodi ilipotaka kuifuta ile kanuni, yeye ndiye aliyeizuia. Watu walisema ni ukali. Ukweli ni kwamba ikifutwa, basi mama yake alipitwa bure, na hilo asingeweza kulibeba.

Mikono ile alijifunza kuishi nayo. Akiiona hainui macho kutafuta uso. Hapo ndipo palipokuwa na hofu yake. Anageuka na sahani yake, anarudi madhabahuni.

Wiki ya mwisho kabla ya kustaafu, dada yake mdogo alimletea ofisini vitambaa vilivyofuliwa. Dada alikuwa amerithi udobi wa mama, na zaidi ya udobi: naye aliolewa mke wa pili, naye benchi lake lilikuwa lile la mlangoni.

"Kaka, Jumapili hii ndiyo ya mwisho?"

"Ndiyo. Naweka fimbo chini nipumzike."

"Kabla hujaiweka, ile kanuni je?"

"Mambo hayo yana utaratibu wake, dada."

"Mama aliufuata huo utaratibu mpaka kaburini." Alikuwa akivipanga vitambaa kabatini, hamtazami. "Mimi nimezeeka. Nataka nile mara moja tu, kutoka mkononi mwako."

"Nitaangalia," akasema Askofu, na sote tunajua neno hilo huishia wapi. Ila safari hii, alipobaki peke yake na harufu ya sabuni, moyo ulimuuma hadi akaamua. Dada akija, atampa. Kanuni ijitetee yenyewe.

Jumapili kanisa kuu lilifurika. Askofu alipita na sahani akimtafuta dada kwenye kila uso, hakumwona, akaanza kuhuzunika kwamba hakuja. Alipofika mwisho ikatokea mikono, kucha nyeupe, ngozi imepasukapasuka. Hata leo, mama? Kovu hakulitafuta. Akageuka.

Kasisi aliyemfuata na kikombe akamnong'oneza, "Baba Askofu, umempita mmoja."

Askofu akasimama. "Kwani na wewe unamwona?"

"Namwona. Ni dada yako."

Alipogeuka, dada alikuwa ameshainuka, anarudi nyuma taratibu. Askofu alimfuata na sahani yake katikati ya kanisa, hadi benchi la mlangoni, akainama mbele yake.

"Nisamehe, dada. Nilidhani ni mama."

Dada alimtazama, mikono ameilaza mapajani.

"Kumbe mama ungempita tena," akasema.