Kijiji Nilichokiandika Hame

Nimeuandika ukurasa huu mara sita. Nikikosea neno moja natupa karatasi yote na kuanza upya. Kazi ya siku moja hunichukua wiki nzima. Nalisema hili mapema kwa sababu ndio ugonjwa wangu, na ndio ulionifanya nitende nitakayoyaeleza.

Sikusoma shule. Nilikwenda chuoni Mikindani nikahitimu Kurani, lakini herufi za Kizungu nilijifundisha mwenyewe kwa kunakili maandishi ya magunia na makopo ya biskuti dukani kwa baba. Mwandiko wangu ulinyooka kuliko wa waliosoma. Nilipofika miaka kumi na tisa, ofisi ya wilaya ilinichukua kuwa kibarua wa kuandika orodha.

Orodha yenyewe ilikuwa ya miji na vijiji, kuanzia Mikindani hadi ukingo wa Ruvuma. Ilikuwa na safu nne: jina la mahali, jumbe wake, idadi ya nyumba, na maji yanapotekwa. Serikali ilitaka kujenga visima vya saruji, na mahali pasipokuwamo katika orodha pasingepata kisima. Niliambiwa hivyo waziwazi kabla sijakabidhiwa kalamu.

Nilianza na mji wetu wenyewe, nikahesabu nyumba za mawe zilizoanza kubomoka, milango ya nakshi ikiwa imesimama bila paa nyuma yake. Mtwara ilikuwa bado mji wa vigingi. Barabara pana zilikatwa katikati ya vichaka, nyumba za Wazungu zilipangwa Shangani, na vibarua wa bandari walilala katika mabanda ya mabati yaliyochemka mchana kutwa. Likombe ilikuwa mihogo na mikorosho, na wanawake walioniuliza kama orodha ni ya kodi. Niliwaambia si ya kodi. Hawakuniamini.

Kadiri nilivyokwenda kusini ndivyo safu ya nne ilivyokuwa nzito kuandika. Niliona wanawake wameketi kando ya shimo la mchanga tangu alfajiri, wakisubiri maji yajae kata moja, huku wakigombea zamu. Karibu na mto maji yalikuwa tele, lakini mamba nao walikuwa tele. Wanawake walichota ndani ya uzio wa miti uliochomekwa majini, na kila mafuriko yalipokuja uzio ulikwenda nayo.

Niliongozana na tarishi wa ofisi, Mmakonde mtu mzima aliyezijua njia zote. Mimi nilimwita mjomba. Yeye aliniita bwana karani, na aliposema hivyo alikuwa akinicheka.

Siku ya mwisho tulilala Kilambo, tukaondoka asubuhi kwenda kijiji kimoja tu kilichobaki, mwendo wa saa mbili kufuata mto. Jina lake sitaliandika hapa. Tulikuta milango yote imefungwa kwa kamba, vinu vimelazwa, majivu ya mafiga yamepoa. Mbele ya nyumba kubwa palikuwa na kaburi jipya, na bakuli jeupe limefunikwa juu yake.

Pande zile mwenye mji akifa watu huweza kuhama wote wakajenga kwingine. Mapaa huanguka, mihogo hubaki ikiota yenyewe, na mahali hapo huitwa hame. Tulikuwa tumekwisha kupita mahame matatu njiani. Nikaketi juu ya kinu, nikatoa kalamu, nikaandika jina la kijiji, kisha katika safu zote tatu zilizobaki nikaandika neno moja refu lililonyooka vizuri: Hame.

Wino haujakauka, kuku akatoka chini ya ghala na vifaranga wake.

Tarishi akamtazama kuku, akanitazama mimi. "Watu wanaohama huacha kuku mwenye vifaranga, bwana karani?"

"Labda alipotea."

"Labda. Au wenyewe wako bondeni wanaamia ndege. Mpunga umeanza kuiva. Twende tukatazame, ni saa moja tu."

"Jumbe wao amefariki, mjomba. Kaburi si hili hapa?"

"Kaburi naliona. Aliyemo simwoni."

Akacheka kidogo. "Nyinyi watu wa Mikindani mnaandika kama mnadarizi kofia. Basi uzi ukikosea, fumua."

"Karatasi haifumuliwi."

"Haya. Kalamu ni yako."

Nilijua. Mimi ni mtoto wa duka, sijawahi kulinda shamba, lakini hata sisi tunajua kwamba mpunga ukiiva watu wa mtoni hushuka bondeni na mikeka, vyungu na watoto wachanga, wakaishi madunguni mpaka wavune. Nilijua pale pale, kuku akipekua miguuni pangu. Lakini kurasa zangu zilikuwa tatu, na katika zote tatu hapakuwa na hata doa moja. Kusahihisha kulitaka kukata neno, na karatasi nyingine ya namna ile sikuwa nayo. Nikapuliza wino ukakauka. Tukarudi.

Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, alizipokea kurasa zangu akaziinua mbele ya dirisha, akasema ni safi sana. Karani mkuu aliwaonyesha makarani wengine waone mtu asiyesoma anavyoandika. Nilifurahi, nami naona aibu kusema kwamba furaha ile ilikuwa ya kweli. Orodha ya visima ilipopigwa taipu, kijiji kile hakikuwamo.

Nilikaa siku tisa sili vizuri. Siku ya kumi nilikwenda mezani kwa karani mkuu.

"Mzee, katika orodha yangu pana kosa."

Alizifungua kurasa zangu, akapitisha kidole mstari kwa mstari. "Kosa liko wapi? Mimi silioni."

"Kijiji cha mwisho. Nadhani watu wapo."

"Unadhani?"

"Wapo, mzee."

"Uliwaona?"

"Sikuwaona."

"Basi uliandika ulichokiona." Alizifunga kurasa. "Bwana Shauri amekwisha kutia sahihi, na saruji imegawanywa. Ukitaka kumwambia kwamba ulimwandikia uongo, mlango wake ule pale. Mimi sikuzuii."

Mlango ulikuwa hatua nane kutoka pale niliposimama. Nilizihesabu kwa macho. Kisha nikarudi kwenye kiti changu, nikaendelea kunakili barua. Kisima hakijajengwa kijijini pale mpaka leo hii ninapoandika.

Kiangazi kile tarishi alikwenda Kilambo kupeleka barua. Aliporudi alisimama mbele ya meza yangu hata kofia hajavua.

"Watu wako wa hame," alisema polepole. "Wamefiwa. Mke wa mpwa wa jumbe amechukuliwa na mamba alipokuwa akiteka maji. Wameokota mtungi."

Tangu siku ile hakuniita tena bwana karani, wala hakuniita jina lolote.

Niliomba ruhusa ya siku nne nikaenda peke yangu. Njia nzima nilikuwa nikiitengeneza sentensi moja: kwamba mimi ndiye niliyeandika kuwa hampo, na niliandika nikijua mpo. Niliigeuza huku na huku. Nilipofika nilikuwa nimekwisha kuipata, fupi, isiyojitetea.

Watu walikuwa wamekaa matanga. Jumbe alikuwa mzima wa afya. Kaburi lile lilikuwa la mtoto mwingine wa dada yake. Alipoona viatu vyangu na daftari aliinuka kunipokea mwenyewe.

"Poleni na msiba, mzee," nilisema.

"Tumeshapoa. Wewe ni wa ofisini?"

"Ndiyo, mzee."

"Karibu, mwanangu. Tulisikia Serikali inajenga visima. Niliwaambia hawa, watakuja tu, njia ni ndefu. Mmechelewa kidogo."

Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba. Vijana walikuwa wamefyeka mahali, wameng'oa visiki, wamefagia, na kuchomeka vigingi vinne. Mchanga ulikuwa bado na alama za mifagio.

"Wanawake ndio waliochagua hapa," alisema. "Walibishana siku mbili. Marehemu ndiye aliyeshinda, alisema hapa ni katikati, hakuna atakayelalamika. Unaonaje, panafaa?"

Sentensi yangu ilikuwa tayari kinywani. Nyuma yetu wanawake watatu walikuwa wamesimama na mitungi, mmoja wao na mtoto mgongoni, wakisubiri nijibu ndipo waende mtoni.

"Panafaa, mzee," nikasema.

Jumbe akaninyooshea kamba, ncha moja akaishika yeye. Nikaipokea. Nikapima kutoka kigingi hadi kigingi, nikaandika daftarini, kisha nikapima tena, kwa sababu mara ya kwanza kamba ilikuwa imelegea.