Kikomo Nilichomnakilia Baba

Shaba iliyotoka kukerezwa ina harufu ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu kwenye kiganja chenye jasho. Majira yale ya baridi, nilipokuwa na miaka kumi na miwili, harufu hiyo iliingia jikoni kwetu Edmonton, London, kila Jumamosi ndani ya mfuko wa koti la Baba, ikatua juu ya vitunguu na juu ya sare yangu ya shule iliyoanikwa kwenye hita. Mama alilalamika kwamba hata chapati zake zimeanza kunuka karakana. Baba alisukuma sahani pembeni, akaweka mezani kipande cha shaba kirefu kama kidole changu cha kati, kimechongoka upande mmoja, akakitazama jinsi wazazi wengine wanavyotazama cheti cha mtoto aliyefaulu. Vyeti vyangu hakuwahi kuvitazama hivyo, ingawa kwa haki havikustahili.

Kabla hamjapiga simu polisi, ile ilikuwa shaba tupu, haina baruti wala tundu la kuitia. Ilikuwa sanamu ya risasi. Baba alikuwa fundi wa bunduki za askari wa wanyamapori huko kwetu Tanzania, na London ilimpokea kama mpanga maboksi kwenye ghala. Bunduki hakuwa nayo, na aina aliyoijua zaidi, ile inayojipakia yenyewe kila ukifyatua, raia wa kawaida hapa haruhusiwi kuimiliki. Alibaki na penseli, rula na wazo moja. Askari wake walibeba bunduki nyepesi za kujipakia ambazo risasi zake zilikuwa ndogo mno kwa nyati aliyejeruhiwa. Kuna mwenzake aliyezikwa kwa sababu hiyo. Hilo Baba alilisema mara moja tu, akachonga penseli yake mpaka ikabaki kipande. Alitaka kubuni risasi isiyouzwa dukani popote: itoshee kwenye magazini ileile, kile kisanduku cha risasi, ila ibebe kichwa kizito cha kumsimamisha nyati.

Alinieleza mpango wake mimi niliyekuwa nataka kurudi kwenye katuni. Unachukua ganda la risasi iliyopo, unalipanua shingo lipokee kichwa kikubwa zaidi. Mpaka hapo hata mtoto anaelewa. Balaa ni mgandamizo. Baruti ikiungua, gesi inabana ndani ya chemba, pale risasi inapokaa kwenye mtutu, na ganda lina kikomo chake. Ukikizidi, bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni. Ukikaa chini mno, gesi inakosa nguvu ya kusukuma mitambo nyuma, na bunduki ya kujipakia inageuka rungu la bei kubwa. Ubunifu wote unaishi katikati ya hayo mawili. Kulikuwa na karakana ndogo Marekani iliyopokea michoro ya watu wenye ugonjwa kama wake na kuikagua. Baba hakutaka sifa wala hataza ya kumiliki ubunifu wake. Alitaka barua yenye mstari mmoja tu: hii itafanya kazi.

Sasa, Kiingereza cha ghalani kilimtosha, ila cha barua na vitabu kilimchosha, hivyo mimi nikateuliwa katibu. Kama watoto wengi wa hapa, nilisemeshwa Kiswahili nikajibu Kiingereza, na kila karatasi iliyoingia nyumbani, ya shule, ya nyumba, ya hospitali, ilipitia kwangu kwanza. Mchoro wa kwanza ulipokamilika, Baba alinituma maktaba kunakili kikomo cha lile ganda kutoka kitabu kikubwa kisichoazimishwa, kwa kuwa yeye alikuwa zamu. Mimi ni mtu wa nyumbani tangu kuzaliwa. Kutoka nje kwenye mvua niliona ni adhabu ya serikali. Nilifika, nikafungua kitabu, nikaona safu ya namba, nikanakili moja, na kabla kiti hakijapata joto nikawa kwenye basi. Chini ya ukurasa kulikuwa na maelezo kwa herufi ndogo. Niliyaona. Niliona pia kwamba ni marefu.

Namba yangu ikawa sheria pale jikoni. Baba aliiweka kando ya hesabu zake, alizozipiga kwa majedwali mapya aliyokuwa nayo, akakuta risasi yake imevuka kikomo. Hakunilaumu. Alifuta, akapunguza baruti, akapiga hesabu upya, bado. Akapunguza uzito wa kichwa, bado. Wiki baada ya wiki alikata kile alichokipenda, akipumua kwa pua kama mtu anayeng'olewa meno kwa zamu. Alianza kumfokea Mama kwa sababu ya vijiko. Nami nilimtania, kwa kuwa sisi nyumbani hutaniana hata msibani: "Baba, ukimaliza kupunguza tutaivaa shingoni." Alicheka kidogo, nikajiona nimemsaidia.

Aliyemkerezea zile sanamu ni Anko Balbir, Singasinga mzaliwa wa Nakuru, mwenye karakana nyuma ya duka la vitambaa Southall. Kiswahili chake kilikuwa cha Kenya na ulimi wake haukuwa na breki. Kila Baba alipokunjua mchoro mpya juu ya mashine, Anko alishusha miwani. "Wewe Mtanzania, hii kichwa inazidi kuwa fupi kila wiki. Mwisho utaniletea kidonge ya malaria."

"Kikomo hakiruhusu," Baba alisema.

"Kikomo gani hiyo? Chuma najua mimi. Ile ya kwanza ilikuwa mzuri sana, bwana. Hebu pima tena."

"Nimeshapima, Balbir. Namba ipo kitabuni. Katibu wangu kaitoa mwenyewe."

Anko alinitazama. Nilitazama vumbi la shaba sakafuni, nikiwaza basi la kurudi.

Mchoro wa mwisho ulitumwa Marekani. Jibu lilikuja maua yalipoanza kuchomoza, na Baba aliketi, akafunga kola ya shati, akaniambia nisome kwa Kiswahili. Nilisoma huku nikitafsiri. Walisema mchoro ni safi, wa mtu anayejua kazi. Walisema ni salama kabisa. Walisema, hata hivyo, risasi hii ni dhaifu mno, mitambo haitarudi nyuma, bunduki haitajipakia. Kisha kulikuwa na sentensi mbili nilizozipitia kwa macho kwanza. Waliuliza kikomo hicho amekitoa wapi, maana kinafanana na namba za zamani, zilizopimwa kwa kuponda kijipande cha shaba nyekundu, na vipimo hivyo huwezi kuvilinganisha na vya mitambo ya kisasa. Namba ya zamani huonekana ndogo wakati mgandamizo ni uleule. Kama ni hivyo, waliandika, una nafasi kubwa sana hujaitumia, kama ulianza na mchoro wenye nguvu zaidi, tutumie huo.

"Wanasemaje hapo?" Baba aliuliza, akiinamia karatasi.

"Wanakutakia kila la heri," nikasema.

Akaitika kwa kichwa. Barua niliitia kwenye ndoo ya taka, chini ya maganda ya ndizi. Jumamosi iliyofuata Baba alizidisha zamu ghalani. Michoro Mama aliitandika kwenye droo za vijiko, ikachakaa, ikatupwa. Hakuchora tena.

Siku hizi naishi Kilburn kwenye chumba cha kupanga, natoka nikilazimika, na Baba amestaafu. Kila mgeni akija humsimulia kichekesho chake: yeye ndiye fundi aliyebuni risasi isiyoweza hata kujisukuma. Nimekicheka mara zisizohesabika. Jumapili moja mwaka huu alikisimulia mbele ya Anko Balbir, ambaye amezeeka na hasikii vizuri, na sikuweza kucheka. Nikaeleza yote, maktaba, herufi ndogo, sentensi mbili. Nilitegemea Baba anifokee. Aliuliza tu, "Kwa hiyo ile ya kwanza ilikuwa chini ya kikomo?"

"Ndiyo, Baba."

"Ile ya kwanza kabisa."

"Ndiyo."

Alisogeza kikombe chake cha chai pembeni. Kisha akasema, bila kunitazama, "Miaka yote hii nimemwambia mama yako nilikosea hesabu." Akainama sikioni kwa Anko, akarudia kwa sauti kubwa kwamba ile ya kwanza ilikuwa sawa. Anko akasema, "Sasa unaniambia mimi nini? Si nilikuambia zile siku?" Baba akajaribu kuichora nyuma ya bahasha. Vipimo vimemtoka kichwani. Alifika kwenye bega la ganda, chini tu ya shingo, akaweka kalamu chini.

Leo mtu kama yeye angeuliza swali la kikomo kwenye simu, akajibiwa kuhusu aina mbili za vipimo kabla hajavua viatu, tena kwa Kiswahili. Wakati ule alikuwa na mimi.