Mwanamke Niliyemgawa Mara Sita

Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu. Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele hutacheka.

Kazi yangu ni kompyuta. Nipo Korogwe, kwenye mradi wa afya ambao jina lake nalihifadhi. Tuna kompyuta sita zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, zimepangwa kwenye chumba chenye feni kubwa. Wenzetu walipita nyumba zilizofiwa, Handeni na Korogwe, wakauliza nani alikuwa karibu na mgonjwa siku zake za mwisho. Majibu yote yakaingia kwenye mfumo. Kila mtu ni nukta, na kila aliyemhudumia mwenzake anachorewa mstari kwenda kwake. Tulitaka kuona homa zinavyopita toka mtu hadi mtu. Nukta zilikuwa nyingi mno, kompyuta moja isingeziweza.

Sasa kila nikiianzisha hesabu hiyo, inakufa njiani. Kompyuta ya nne inajaa mpaka inazima, na ikizima hiyo zote zinasimama. Nikaiongezea nafasi, ikazima. Nikaitoa, nikaweka nyingine mahali pake, nayo ikazima. Wiki mbili nzima! Kiongozi wa mradi anataka matokeo Ijumaa, na mimi hasira zangu zi karibu. Nilifika mahali nikaipiga meza teke, nikaumia kidole bure.

Mwishowe nikakaa chini nikasoma faili la hitilafu, mstari kwa mstari. Tatizo lilikuwa nukta moja. Mwanamke, ameandikwa Mama Zaina, ana mistari kwenda karibu kila nyumba iliyofiwa. Watu wengine wana mistari mitano au kumi. Mzigo wake yeye wote ulikuwa unaiangukia kompyuta moja.

Nikajisemea hapa mfumo umewachanganya akina Mama Zaina wengi. Nikampigia Mhina, mwenzetu aliyekusanya fomu upande wa Handeni, Mzigua wa Kwaluguru. Mimi Msambaa, kwa hiyo tunataniana. Nikamwambia nyie Wazigua hata kuandika majina hamjui. Hakucheka. Akasema hata yeye lilimshangaza, kila nyumba ilimtaja mama huyohuyo: mfupi, anasugua masufuria kwa majivu, kwa mkono wa kushoto. Anafika siku chache kabla ya mtu kufa na kuondoka baada ya maziko. Utaniuliza, mbona hawakumuuliza ametoka wapi? Lakini wewe si unajua kwetu. Mwanamke akiingia uani, akashika ndoo akaenda kuteka maji, utaanza kumhoji? Upande wa mume hudhani ni ndugu wa mke, na upande wa mke hudhani ni ndugu wa mume.

Nikaangalia tarehe. Wangekuwa akina mama wengi, tarehe zingegongana. Hazikugongana hata mara moja. Siku zote nyumba moja, akitoka ndipo anaingia nyingine. Niamini, mwili ulinisisimka.

Ningeishia hapo. Lakini Ijumaa ilikuwa kesho yake. Nikajaribu kumfuta, haikusaidia, kwa sababu nyumba zote zinamtaja, na mfumo ukikuta mtu anatajwa unamuumba upya. Basi nikafanya tunachofanya mafundi wote tukikutana na nukta nzito. Nikamgawa. Mama Zaina mmoja nikamfanya sita, kila kompyuta ibebe wake. Asubuhi ya Ijumaa hesabu ikaisha kabla chai yangu haijapoa, nami nikafurahi, sikufichi.

Saa sita mchana nikayafungua matokeo. Kila Mama Zaina alikuwa na mstari mpya, wa tarehe ya siku ileile, ambao hakuna mtu aliyeujazia fomu. Nyumba sita, siku moja. Moja ilikuwa Sindeni, moja Kwaluguru, moja Mkumbara. Kwetu ni Mkumbara. Baba alifariki mwaka jana, kwa hiyo nyumba yetu ina namba kwenye mfumo. Niliisoma namba hiyo mara tatu, nikitumaini nimekosea.

Nikampigia mama. Akaniambia hajambo, ila mwili mzito kidogo, tena kampata mgeni mwema anamsaidia kupukuchua mahindi. Nilibeba kompyuta yangu ndogo, nikakimbia barabarani, nikapanda basi la kwanza la Same, linalopita kwetu.

Nilifika saa tisa, jua linawaka. Mama amelala kwenye mkeka, amejifunika kanga mbili, anatetemeka kwenye joto lile. Pembeni, juu ya kigoda, mwanamke mfupi anapukuchua mahindi kwa mkono wa kushoto. Nilimwamkia, naye akaitikia marahaba. Kisha nikamuuliza kile ambacho hakiulizwi, ametoka kwa nani. Mama akanyanyua kichwa, akanikaripia kwamba mgeni hahojiwi, nani kanifundisha adabu hiyo.

Yule mwanamke hakuudhika. Alisubiri mama asinzie, kisha akaongea kwa sauti ya kawaida kabisa, mikono ikiendelea na kazi.

"Nimechoka, mwanangu. Zamani nilikuwa na nyumba moja. Leo umenipa sita. Nirudishe niwe mmoja."

Nikamuuliza atabaki nyumba gani.

"Hilo utachagua wewe. Mimi sijawahi kuchagua."

Niliingia ndani, nikawasha kompyuta, nikaiunganisha na mfumo wetu wa Korogwe kupitia simu. Kuwarudisha sita kuwa mmoja ni amri ya mstari mmoja, lakini lazima uandike yupi anabaki, wale wengine waingie kwake. Orodha ikasimama mbele yangu. Mkumbara ni mama. Kwaluguru ni kwa Mhina, na mke wake alikuwa ametoka kujifungua wiki ile. Nyumba tatu nyingine, wenyeji wake niliwahi kuongea nao kwenye simu. Ya Sindeni ilikuwa namba tu. Hakuna niliyemjua. Niliandika ile ya Sindeni, nikabonyeza.

Nilipotoka uani, kigoda kilikuwa kitupu na punje zimejaa ungo. Mama alikuwa ameketi, anauliza mgeni kaenda wapi bila kuaga, tena anasema ana njaa.

Siku nne baadaye Mhina akaniambia kuna msiba Sindeni. Nilikwenda. Sijui nilikuwa natafuta nini. Aliyefariki alikuwa msichana wa kidato cha pili. Baba yake alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru kwa kutoka mbali kuwafariji, akaagiza niletewe chakula. Niliona aibu kukataa. Nilikula wali wa msiba ule, baba yule amekaa karibu yangu, ananihimiza niongeze.

Mama yangu yu mzima mpaka leo. Analima, anatania, ananilaumu kwamba siku hizi simtazami machoni. Ni kweli, simtazami.

Hesabu ile bado inakufa, na mimi ndiye ninayeiacha ife. Kila wiki naandika ripoti kwamba hitilafu haijulikani. Kiongozi amechoka na mimi, hana kosa. Ameajiri fundi mwingine kutoka Dar, dada hodari, kazi anaijua. Juzi alipita kuangalia mitambo, akasoma faili la hitilafu dakika kumi tu, akaniuliza kwa upole kwa nini sikuigawa ile nukta. Nilimsimulia yote kama ninavyokusimulia wewe. Akanishika bega, akaniambia nikapumzike.

Anaanza Jumatatu. Amesema kugawa mara sita ni kidogo, ataigawa mara mia.

Kwa hiyo nakuomba, kama upo Handeni au Korogwe, wiki ijayo ukikuta mama usiyemjua anasugua masufuria kwenu, muulize ametoka kwa nani. Wazee wakikukaripia, uliza tena. Na akikwambia uchague, usiguse kitu chochote. Nenda ukakae na mtu wako.