Chenga za Mchele Usoni mwa Mama

Ipo Jumamosi moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila nikishika ungo kupepeta mchele. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimekaa kwenye benchi darasani Ifakara, na mbele yangu kilikuwapo chungu kile kile cha wiki tatu. Chungu cheusi cha kupikia, kimewekwa mezani karibu na dirisha. Mwalimu wetu wa uchoraji, mzee Kasiani, alikuwa ametupa rangi mbili tu, nyeupe na nyeusi, akatuambia tutafute rangi zote za kijivu zilizomo katikati. Wenzangu walikuwa wanatafuta. Mimi nilikuwa naangalia mlango.

Najua wewe nawe umeanza darasa la kuchora na unataka kuacha. Mwezi wa pili huu unachora kikombe, na kwenye simu umemwona mtu anamaliza uso mzima kwa dakika mbili. Sikulaumu. Mimi mwenyewe mpaka leo nikisubiri chai ichemke nafunua sufuria mara nne.

Lakini nilikuwa na sababu. Mama yangu alikuwa anapoteza macho. Hospitali walimwambia ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Tuliishi Lupiro, ng'ambo ya mto, na kila niliporudi nyumbani nilikuta kuna kitu kingine asichoweza kukiona, mara tundu la sindano, mara mawe kwenye mchele. Hakuna mtu aliyewahi kumchora mama yangu. Nilitaka niwe wa kwanza, na nilitaka aione picha hiyo kwa macho yake mwenyewe. Sasa niambie, mtu mwenye jambo hilo moyoni atakaaje na chungu?

Jumamosi hiyo nilimwambia mwalimu tumbo linaniuma. Nikatia vikopo vyake vinne vya rangi nyingine kapuni bila kuomba, nikaondoka. Siku hizo daraja halikuwapo, tulivuka kwa pantoni, na siku hiyo pantoni ilinichelewesha mpaka nikatamani kuogelea.

Kesho yake baada ya misa nikaandaa kitambaa. Mwalimu alitufundisha kukipaka kwanza uji mzito wa unga wa mchele uliochanganywa na chokaa, ili nyuzi zisinywe rangi. Uji unachujwa mara mbili, unapakwa mara tatu, na kila mara unasubiri ukauke. Nikajiambia, sisi watu wa mpunga, uji wa mchele nifundishwe na nani? Nikachukua chenga, zile punje zilizovunjika kinuni, nikazitwanga nusunusu, nikapika, sikuchuja. Nikapaka mara moja. Kitambaa kilikuwa bado kibichi nilipoanza kutia rangi ya shavu.

Jioni nikamwita mama. Alikuja akipapasa ukuta, akainama karibu kabisa na picha, akagusa pembe yake kwa kidole, akatazama sana.

"Huyu ni nani, mwanangu?"

Nikasema ni mtu tu, nimemtoa kichwani. Akasema maskini, anaonekana amechoka, akarudi jikoni. Nilijifariji kwamba kosa ni la macho yake.

Asubuhi nikaianika picha uani, nikaenda kuchota maji. Niliporudi, kuku wa jirani walikuwa wamemzunguka mama yangu wanadonoa chenga. Shavu la kushoto lilikuwa limekwisha. Majirani walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nililia, na sikuwa nalilia shavu.

Jumamosi iliyofuata nikamrudishia mzee Kasiani vikopo vyake pamoja na kitambaa chenye matundu. Nilimwamkia, nikaungama yote, nikamalizia kwa kusema macho ya mama yamekwisha kabisa, hata sura yake haitambui. Mzee alimfahamu mama, maana ndiye aliyenileta kuniandikisha. Akaitazama picha bila kucheka wala kugomba.

"Mama yako bado anaona," alisema. "Mimi macho yangu ni mazima, na huyu simjui."

Kisha akaniuliza mwanga unaingia nyumbani kwetu kutoka upande gani, na mama akiketi jikoni ni shavu lipi linabaki gizani. Nilikuwa sijapata kuangalia. Nilizaliwa katika nyumba ile.

Nikarudi kwenye chungu. Sitakudanganya kwamba nilitulia. Mguu ulikuwa unachezacheza chini ya benchi muda wote. Mvua ziliposimamisha pantoni nikachora chungu cha mama nyumbani, halafu mkono wake ukiwa juu ya chungu, halafu bega. Nilipofika usoni, miezi ilikuwa imepita, na mama alikuwa anatofautisha mchana na usiku tu.

Nilimwekea picha ya pili magotini. Akaipitishia vidole taratibu, kutoka pembe hadi pembe.

"Hii haina chenga," alisema. "Ile ya kwanza nayo ilikuwa mimi, sivyo?"

Nikasema ndiyo. Akaniomba nimweleze hii ikoje. Nikamweleza mwanga ulivyoingia kwa mlango wa jikoni, ulivyogusa paji la uso, ulivyoliacha shavu la kushoto kwenye kijivu cha majivu ya kuni. Nilikuwa nayo maneno, kwa kuwa sasa nilikuwa nimemtazama. Alisikiliza, kisha akaweka sawa kilemba chake.

Picha hiyo ninayo hadi leo. Kila anayemkumbuka mama husema ndiye. Yeye peke yake hakuiona, na nikirudi nyuma kufikiri naona kwamba zile wiki tatu za kuangalia mlango, kama ningekitazama chungu, zingeweza kutosha aiwahi.

Kwa hiyo, mwanangu, siwezi kukwambia usiwe na haraka. Pengine wewe nawe yupo mtu unayetaka aione kazi yako mapema. Basi haraka hiyo ipeleke kwenye kikombe. Kitazame leo, ukipate leo, chuja uji wako, subiri ukauke, kisha nenda mbio unavyotaka. Mungu akupe mkono mwepesi na jicho lisilopita juujuu, na unayempenda akukute umemaliza angali anaona.